Pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako

Tangu nilipogusia habari ya ganzi katika toleo lililopita, barua zimemiminika, na nyingi zinauliza jambo lilelile kwa njia tofauti: nitajuaje kama kliniki ya meno ya mtaani kwangu ni salama? Kwa wasomaji wapya, mimi ni tabibu wa meno mstaafu. Nilisomea Tanga, nikafanya kazi hospitali za serikali, na sasa nipo Korogwe najibu barua zenu na kugombana na wajukuu kuhusu mswaki. Majina ya kliniki mliyoyaandika nimeyaondoa. Malalamiko dhidi ya kituo yana mahali pake pa kupelekwa, na mahali hapo nimepataja chini.

*

*Shikamoo Bibi. Nilikwenda kung'oa gego kwenye kliniki moja hapa Kihonda. Ina vigae vyeupe, kiyoyozi na luninga kubwa. Daktari alitoa koleo kwenye kidishi cha chuma chenye maji yanayonuka Jiki, akalisuuza bombani, akanipiga ganzi, kazi ikaanza. Katikati simu yake ikaita, akaipokea na glavu zilezile, akaongea, kisha akarudi kinywani mwangu. Niliona haya kusema. Sasa ni wiki tatu, kidonda kimefunga lakini usingizi sina. Je, nimeambukizwa? Na ningemwambiaje msomi kama yule kwamba kazi yake chafu?*
Mama wa watoto watatu, Kihonda, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Nianze na usingizi wako. Uwezekano kwamba umeambukizwa ni mdogo, mdogo sana kuliko hofu uliyonayo. Ila upo, ndiyo maana sikuambii "usijali" nikaishia hapo. Kinachonisumbua kuliko VVU ni homa ya ini aina B. Kirusi chake kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi kikiwa bado na nguvu ya kuambukiza, hata kwenye damu iliyokauka ambayo jicho halioni. Na koleo la meno lina mahali pa damu kujificha: pale kwenye kiungo linapofungukia, na kwenye mikwaruzo ya ndani inayoshika jino.

Nenda kapime homa ya ini B na C pamoja na VVU. Rudia baada ya miezi mitatu, na kile cha homa ya ini B ukirudie tena ikitimia miezi sita tangu ung'olewe. Ukikutwa huna, omba chanjo ya homa ya ini B papo hapo. Ni sindano tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza, na ya tatu mwezi wa sita. Watoto wako kama walichomwa pentavalenti kliniki, ile chanjo ya magonjwa matano kwa sindano moja, kinga hiyo wameipata humohumo. Wengi tuliobaki nje ni sisi watu wazima.

Sasa koleo. Jiki ina kazi yake. Sisi wa zamani tulifundishwa kuloweka vifaa vyenye damu kwenye sehemu moja ya Jiki kwa sehemu sita za maji, dakika 10, ili anayeviosha asidhurike. Siku hizi Shirika la Afya Duniani halishauri tena kuloweka hivyo. Linataka tuanze moja kwa moja na kuosha. Vyovyote vile, kuloweka hakujawahi kuwa mwisho wa kazi. Kinafuata sabuni na brashi, kusuuza, kukausha, kufunga kwenye pakiti, kisha kuingiza kwenye otoklevu, ile mashine ya mvuke wenye mgandamizo: nyuzi 121, dakika 30 kwa vifaa vilivyofungwa. Wapo wanaochemsha kwenye sufuria wakaona wamemaliza. Maji ya sufuria yanaishia nyuzi 100, na kuna vijidudu vyenye ganda ambavyo hapo vinaoga tu. Koleo lililotoka kwenye kidishi cha Jiki likaingia kinywani mwako lilikuwa halijafika hata nusu ya safari. Tena Jiki inakula chuma. Ukiona koleo lina vidoti vya kutu, huwezi tena kulisafisha likasafika, kwa sababu uchafu unajichimbia humo.

Kwa hiyo unataka kuona nini? Pakiti. Upande mmoja karatasi, upande mwingine plastiki angavu, ndani koleo, kioo cha mdomoni na vinginevyo. Ina alama ndogo inayobadilika rangi ikipigwa na mvuke. Wengine hufunga kwa kitambaa na utepe, na utepe huo una mistari hafifu ambayo hutoka kwenye otoklevu ikiwa myeusi. Pakiti inatakiwa ifunguliwe ukiwa umeshakaa kwenye kiti. Ule mlio wa karatasi ikiachana na plastiki, *chraaa*, mpaka leo ndio mlio ninaoupenda kuliko wowote katika chumba cha meno.

Alama kubadilika rangi kunaonyesha kwamba pakiti ilipitiwa na mvuke, hakuthibitishi kwamba vijidudu vyote vimekufa. Kwa hilo kuna kipimo kingine, ambapo huwekwa vijidudu sugu ndani ya mashine kwa makusudi ili kuona kama vimekufa. Mwaka 2013 huko Tulsa, Oklahoma, Marekani, wagonjwa wapatao 7,000 wa kliniki moja ya meno waliitwa wakapime damu. Wakaguzi walikuwa wamekuta vifaa vyenye kutu na otoklevu ambayo kwa miaka haikuwa imepimwa kwa njia hiyo. Baadaye maabara ilithibitisha kwamba mgonjwa mmoja alimwambukiza mwenzake homa ya ini aina C ndani ya kliniki ile. Hiyo ni Marekani, nchi ya vigae na viyoyozi.

Glavu. Glavu iliyoshika simu imekuwa chafu kama simu, na simu hiyo nayo imepata mate na damu yako, itakwenda kulala mezani kwa mtu. Hivyohivyo kwa droo, kalamu na mpini wa taa. Anayejua kazi huvua glavu, akashika anachotaka kushika, akanawa, akavaa mpya. Au humwachia msaidizi simu iite mpaka inyamaze.

Swali lako la mwisho ndilo gumu, maana sisi tumelelewa kutomkosoa mkubwa akiwa kazini. Usimkosoe. Msingizie woga wako: "Daktari, samahani, mimi mwoga sana, naomba unifungulie vifaa hapa nikiona." Hakuna aliyevunjiwa heshima. Akiwa mtu wa kazi atacheka, atakuonyesha pakiti, pengine atakueleza zaidi ya ulichouliza. Mimi wagonjwa wa hivyo niliwapenda, kwani wasaidizi wangu walikuwa makini kila wakiwaona wamekaa kwenye benchi. Akinuna, akakuambia "wewe ndiye daktari?", shuka kwenye kiti. Hujapigwa ganzi, hujalipa, hudaiwi kitu. Ndiyo maana nasema uliza kabla ya ganzi. Ulimi ukishakufa upande mmoja, ujasiri nao huondoka.

Na ile luninga wamekuwekea wewe unayesubiri. Mimi ningetazama kama ndani ya chumba cha kiti kuna sinki la kunawia lenye sabuni. Ningetazama lile boksi la njano la sindano: likifika robo tatu linapaswa kufungwa, sasa kama sindano zimechomoza juu kama miiba ya nungunungu, basi hata chumba cha nyuma usichokiona nimeshakijua kilivyo. Kama unazibwa jino, uliza pia kichwa cha drili. Kinaponyamaza kinaweza kufyonza mate ya mgonjwa ndani yake, kwa hiyo nacho huingia otoklevu kila baada ya mgonjwa. Kukifuta kwa spiriti ni kukipaka marashi. Ukutani tafuta hati ya usajili wa kituo. Leseni ya anayekuhudumia hutolewa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na una haki ya kuuliza aliko mwenye leseni hiyo, maana pengine aliye kwenye fremu yuko mkoa mwingine.

*

*Mama, mimi ni mvuvi wa Pangani. Nimetoka alfajiri mpaka Tanga mjini kung'oa jino. Wakanipima presha, 190 kwa 115, wakakataa kung'oa. Wamenipa Panadol na karatasi ya kwenda kwa daktari wa presha. Jino na presha wapi na wapi? Nauli yangu nani atalipa?*
Mvuvi mwenye hasira

Nauli sitakulipa, lakini pole kwa njia. Hao waliokurudisha ndio wa kurudi kwao.

Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, jino ambalo si la dharura linaahirishwa. Ganzi nyingi za meno zimechanganywa na adrenalini ili ikae muda mrefu, na adrenalini hupandisha mapigo ya moyo. Ongeza woga wa kiti, ambao wewe mwenyewe unao hata ukiukataa. Ongeza na damu, ambayo kwa mtu wa presha ya juu haikatiki kirahisi. Ungeweza kupata kiharusi ukiwa umeng'ata pamba. Walikupa Panadol kwa makusudi pia: diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu wa pwani tunazimeza kama karanga, zinaweza kupandisha presha.

Nina wasiwasi zaidi na wale wanaong'olewa bila kuulizwa chochote. Kabla ya sindano mtu anatakiwa aulize presha, kisukari, moyo, mimba, mzio wa dawa, na dawa unazotumia. Asipouliza, sema mwenyewe. Mwenye kisukari ale na ameze dawa zake kama kawaida kabla ya kuja, asije na njaa. Anayetumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asiiache kwa uamuzi wake kwa ajili ya jino. Amwambie tabibu, na tabibu aongee na aliyeiandika.

*

*Mjukuu wangu ana miezi mitano, anaharisha na ana homa. Jirani amemwangalia ufizi akasema ni meno ya nailoni, yapo mawili juu, meupe. Kuna mzee anayatoa kwa shilingi elfu kumi, ni dakika chache tu. Binti yangu hataki kabisa. Mimi naogopa mtoto atatufia mikononi. Nani yuko sahihi?*
Bibi, Kondoa

Binti yako.

Na nakuomba, ukimaliza kusoma hapa, gazeti liweke chini, mchukue mtoto mwende zahanati. Mtoto wa miezi mitano anayeharisha huku ana homa anahitaji kuonwa leo. Wakati huohuo aendelee kunyonya, tena mara nyingi kuliko kawaida. Zahanati watawapa maji ya chumvichumvi ya pakiti na vidonge vya zinki. Zinki ataitumia siku zote mtakazoambiwa, hata kuhara kukikoma siku ya tatu.

Hayo meupe uliyoonyeshwa ni meno ya chonge ya utotoni, yamelala ndani ya ufizi yakisubiri zamu yake. Kila mtoto anayo. Kwa umri huo ufizi wa mahali pale huwa umevimba kidogo na kupauka, hata kwa mtoto mwenye afya tele. Jirani angewafunua midomo watoto wote wa kitongoji angeyaona kwa wote, ila anawatazama wanaoumwa tu, kwa hiyo kila anayeumwa "anayo". Na kwa kuwa kuhara kwingi huisha baada ya siku kadhaa, mzee hupata sifa ya kuponya.

Kuhusu kinachofanyika kwenye hizo dakika chache, nitakuambia bila kuficha. Ufizi unapasuliwa kwa kisu, wembe au spoki ya baiskeli iliyonolewa, bila ganzi, na kijino kinakong'olewa. Nimepokea watoto baada ya shughuli hiyo. Mtoto mwenye mwili wa kilo sita au saba hana damu ya kupoteza. Wengine hupata usaha unaosambaa mwilini, na chombo kilekile kilichotoka kwa mtoto wa asubuhi ndicho kinachoingia kwa wa mchana. Hata anayepona hubaki na alama, kwa sababu juu ya kijino kile, ndani ya mfupa, kuna mbegu ya chonge ya ukubwani. Baada ya miaka kumi na kitu anakuja kijana hana chonge, au imeota upande, na mama yake keshasahau kwamba kuna mzee alilipwa.

Muombe radhi binti yako. Hapana, msilumbane, nendeni zahanati kwanza.

*

*Habari Bibi. Nimezaliwa Ngaramtoni, meno yangu ya kahawia. Kuna saluni hapa Arusha wanasafisha meno kwa dawa, mara moja yanakuwa meupe. Shoga yangu amefanya, amependeza. Nifanye?*
Msichana, Arusha

Usifanye. Kahawia yako haiko juu ya jino, iko ndani ya ganda lake. Maji ya chini ya mlima Meru yana madini mengi ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vya huko kwenu vingi vimepita hapo mbali. Ulipokuwa mdogo, meno yako ya ukubwani yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya taya, ndipo madini hayo yalipoingia. Magadi ya kulainishia maharage nayo yalichangia. Hakuna mswaki wala dawa ya meno itakayoyatoa.

Dawa ya saluni inayofanya meno meupe papo hapo mara nyingi ni asidi, au ni kukwangua. Ganda la jino likishaliwa halioti tena. Muulize shoga yako kama ameanza kusikia ganzi au kichomi akinywa maji ya baridi. Akisema ndiyo, mlete naye kwa daktari wa kinywa na meno, ambaye ana njia za kufunika na za kung'arisha kwa kipimo, akiwa amekinga ufizi. Ni ghali kuliko saluni, ndiyo. Msusi ni fundi wa nywele, na hana chumba cha kutakasia vifaa wala leseni ya kinywa cha mtu.

*

*Shikamoo Bibi. Mimi ni msaidizi kwenye kliniki ya meno, naomba mkoa uutaje tu, Tabora. Bosi anasema pakiti ni ghali. Tuna seti nne za kung'olea. Wagonjwa wakiwa wengi tunafuta kwa spiriti tunaendelea, na umeme ukikatika ndiyo kabisa. Jana nimejichoma na sindano iliyotumika nikiwa narudishia kifuniko. Niache kazi?*
Msaidizi wa kiti

Marahaba, mwanangu. Kuhusu sindano, namba uliyoiweka nilipiga siku ileile barua ilipofika, na tumeshaongea. Hapa nawaandikia wenzako. Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue kidole, usikitumbukize kwenye Jiki. Toa taarifa, mpimwe wewe na mgonjwa akikubali, na dawa za kujikinga na VVU zianze haraka, saa chache za mwanzo ndizo bora, na baada ya saa 72 haziwi na msaada tena. Unazimeza siku 28. Na kifuniko hakirudishwi kwa mikono miwili. Kilaze mezani, kiokote kwa ncha ya sindano ukitumia mkono mmoja, ndipo ukikaze.

Sasa bosi wako. Nitakupa hesabu ya kwenda nayo kwake, kwa sababu wenye kliniki husikia hesabu kuliko mawaidha. Otoklevu kupasha, kutakasa na kukausha inakaribia saa nzima. Ukiongeza kuosha na kufunga, seti iliyotumika saa tatu asubuhi haiwezi kurudi kwenye kiti kabla ya saa tano. Seti nne, basi, ni wagonjwa wanne mpaka saa tano. Anayeng'oa kumi katika muda huo kwa seti nne amekwisha kuandika kosa lake kwenye daftari la mapokezi. Mkaguzi anahitaji kulisoma tu. Au anunue seti, au apange wagonjwa kwa miadi.

Umeme si kisingizio. Zipo otoklevu ndogo za kuweka juu ya jiko la gesi, zenye saa ya mgandamizo kwenye kifuniko. Tulizitumia vituo ambavyo waya wa umeme tuliuona kwa mbali tu. Unaanza kuhesabu dakika 30 mshale ukishafika panapotakiwa, na si unapowasha jiko. Pakiti zikimshinda, afunge kwa vitambaa viwili vya pamba vizito na utepe, ni njia ya zamani na inakubalika, mradi kifurushi kitoke kikavu. Kifurushi kibichi hakihesabiwi kuwa kimetakaswa.

Ongea naye kwanza, faragha, ukiwa na karatasi hiyo ya hesabu. Akikataa, nenda kwa daktari wa meno wa wilaya, anakaa ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Na hapa ndipo nawajibu pia walioniuliza wapeleke wapi malalamiko ya mgonjwa: hapohapo. Huhitaji kwenda na wakili. Sema tarehe, sema ulichokiona, sema kituo, na kama una risiti ipeleke.

Uache kazi? Kwa sasa usiache. Wewe ndiye pekee mle ndani ambaye mgonjwa anaweza kumwuliza akaambiwa kweli. Ila mkiingia mwezi wa pili na bado mnafuta koleo kwa spiriti, ondoka, tena uondoke na nakala ya karatasi ya hesabu uliyompa. Na kabla ya hayo yote, chanjo ya homa ya ini B. Uliniambia kwenye simu hukuwahi kuchomwa hata moja, na wewe unashinda mchana kutwa kwenye damu za watu. Muulize huyo daktari wa wilaya ni kituo gani Tabora wanachoma watumishi, uende wiki hii.